Baraza la Mama Mkunga: "Kila mwezi napoteza siku tatu"

*Shikamoo Mama Mkunga. Nina miaka 24, nashona sare za shule hapa Muheza, tunalipwa kwa kipande. Nikiingia mwezini, siku ya kwanza mimi si mtu. Tumbo linakaza kama linakamuliwa, maumivu yanashuka mpaka mapajani, natapika, naharisha, natoka jasho la baridi. Juzi juzi nilianguka stendi, watu wakasema nina kifafa. Nikimeza Panadol mbili nazitapika. Mama anasema ni chango, hata yeye alikuwa nalo, nikizaa litaisha. Bibi alininunulia unga wa mizizi sokoni, nimeunywa miezi minne. Tangu mwaka jana maumivu yanaanza siku nne tano kabla ya damu, na nikiwa kwenye siku zangu, kwenda haja kubwa ni kama kuchomwa kisu. Nilipiga picha ya ultrasaundi, nikaambiwa kizazi kiko sawa. Siku tatu kila mwezi sishoni, na nisiposhona silipwi. Je, najidekeza?*
*Mshona sare, Muheza*

Marahaba, mwanangu. Hujidekezi. Anayejidekeza hatapiki mpaka nyongo.

Nianze kwa kuungama. Nilipokuwa muuguzi mchanga, gauni langu jeupe bado linanukia wanga, aliletwa wodini binti wa shule amejikunja kama jongoo. Nikamshika mapigo, nikampa Panadol, nikamwambia hilo hilo unaloambiwa na mama yako: ukizaa litaisha. Alikuwa na miaka 16! Sijui nilikuwa namtuma wapi. Baada ya hapo nimezalisha kwa zaidi ya miaka 30, na wapo niliowapokelea mtoto wa tatu, wa nne, na chango lao liko pale pale. Wengine hupata nafuu kweli, sikatai. Lakini mtoto si dawa ya kumwandikia mtu.

Barua yako ina mambo mawili, nami nitayatenganisha.

La kwanza ni hilo tumbo la siku ya kwanza. Damu inapokaribia kutoka, utando wa ndani wa kizazi hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Ndizo zinazokiamrisha kizazi kijikaze. Zikizidi, kizazi hujikaza mpaka kinaibana mishipa yake chenyewe, nyama yake inakosa damu ya kutosha, na huko ndiko kukamuliwa unakokusema. Nyingine husambaa mpaka kwenye utumbo, ndiyo maana unaharisha na kutapika. Kuanguka kwako stendi kunafanana zaidi na kuzimia kwa maumivu na tumbo tupu kuliko kifafa, ila mweleze daktari naye akusikilize.

Panadol haizifikii vizuri kemikali hizo. Zinazozuia zisitengenezwe ni jamii ya ibuprofeni, hiyo tunayoiita brufen, pamoja na diklofenaki na mefenamiki. Nimesema *zisitengenezwe*. Ukingoja mpaka umejikunja chini ya cherehani, zimeshatengenezwa, na kidonge chenyewe utakitapika. Wewe unaujua mwili wako: matiti yanauma, kiuno kinakuwa kizito. Anza hapo, au mara tu uonapo tone la kwanza. Brufen ya miligramu 400, kidonge kimoja kila baada ya saa nane, umeshakula japo uji, kwa siku mbili au tatu, kisha acha. Usiichanganye na diklofenaki, hao ni ndugu wa tumbo moja. Kama una vidonda vya tumbo, pumu, tatizo la figo, au unahisi una mimba, usiguse kabla ya kumwuliza mfamasia au daktari.

Halafu joto. Watu huniambia wanajaza maji yanayochemka kwenye chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, chupa inanywea, inawaunguza. Wewe una pasi pembeni yako mchana kutwa! Kunja kanga mara nne, ipige pasi, ijaribu kwanza kwa mkono, iweke chini ya kitovu, ikipoa rudia. Wakunga wetu walikuwa wanakanda, na hawakukosea: joto hulegeza kizazi.

Jambo la pili ndilo lililonifanya niisome barua yako mara mbili. Chango la kawaida huja na damu na huondoka siku mbili tatu baadaye. La kwako limeanza kutangulia siku nne tano, na choo kinachoma. Hayo ni mabadiliko, na kwa mtu aliyeyapata akiwa na miaka 23 hayapitiwi juu juu. Mimi nafikiria endometriosisi: nyama inayofanana na utando wa ndani ya kizazi kuota nje yake, kwenye mifuko ya mayai, nyuma ya kizazi, hata juu ya utumbo. Kila mwezi nayo inavimba na kuuma. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa inampata takriban mwanamke mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa, kwa hiyo hapo karakana kwenu huenda hauko peke yako. Sikupimi kwa barua. Inaweza kuwa kitu kingine, kama maambukizi kwenye via vya uzazi. Ila usitulizwe na ile picha. Ultrasaundi huona uvimbe mkubwa. Vipande vidogo vya endometriosisi mara nyingi haivioni.

Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001, ameusema ugonjwa huu hadharani, upasuaji mmoja baada ya mwingine, na baadaye alipata mtoto. Kule Kenya, Njambi Koikai wa redio ulimfikia mpaka kwenye mapafu, akafariki Juni 2024. Huko kufika mapafuni ni nadra sana, sikutajii nikutishe. Nakutajia kwa sababu wote wawili waliteseka tangu usichana.

Panda gari uende hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo pale Tanga, uombe kumwona daktari wa magonjwa ya wanawake. Na tafadhali usiingie ukasema "tumbo linauma", kila anayeingia mle tumbo linauma. Sema hivi: "Maumivu yanaanza siku tano kabla ya hedhi, nikienda choo nachomwa, nimezimia mara moja, nakosa kazi siku tatu kila mwezi." Una daftari la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma andika miezi miwili ijayo: siku, maumivu kati ya 0 na 10, dawa uliyomeza, pedi ulizobadilisha. Ukibadilisha kila saa, au ukitoa mabonge makubwa kuliko sarafu ya shilingi 200, usingoje hiyo miezi miwili. Nenda ukapimwe damu.

Huenda daktari akakupa vidonge vya uzazi wa mpango au dawa nyingine ya homoni kabla ya kufikiria upasuaji. Mama atashtuka: hujaolewa, utaharibu kizazi. Mwambie vidonge haviharibu kizazi. Ukiacha, uwezo wa kushika mimba hurudi. Sindano ndiyo inayoweza kuchelewesha kwa miezi kadhaa. Ila mtajie daktari kama una presha, au kichwa kinachouma huku ukiona vimulimuli, maana si kila kidonge kinamfaa kila mtu.

Bibi usimgombeze. Chai ya tangawizi endelea nayo. Ule unga uweke kando, miezi minne inatosha kuujua, na dawa yoyote ya kujiweka ukeni kataa hata akilia.

*Mama Mkunga, heshima yako. Binti yangu wa kidato cha kwanza, miaka 14, anakosa shule siku moja au mbili kila mwezi kwa tumbo. Mama yake yuko safarini kikazi. Naona aibu kumwuliza. Alivunja ungo mwaka jana na hakuwa anaumwa, mbona imeanza sasa?*
*Baba, Kibaha*

Baba, aibu umeshaimaliza kwa kuandika. Miezi ya mwanzo mara nyingi hakuna yai linalopevuka, na hedhi huwa haina maumivu makali. Yai likianza kupevuka ndipo tumbo huanza, kwa hiyo hilo la kuanza sasa ni la kawaida. Kukosa shule si la kawaida. Nenda duka la dawa umtajie mfamasia umri na uzito wake, akupe brufen kwa kipimo chake, naye aanze kumeza siku ile ile damu inapoanza, akiwa amekula. Ikishindikana miezi mitatu, mpeleke hospitali.

Jioni mwambie tu: "Dawa ya tumbo iko kwenye droo, na pedi nimenunua." Hana haja ya hotuba. Kisha mpigie mwalimu wa malezi, umwambie binti akiomba kwenda kulala kidogo asiulizwe mbele ya darasa.