Wadogo zangu wa maabara, mate si makohozi

Ninyi mnaoanza kazi mwaka huu, nawaomba mshike jambo moja mapema: majibu huanza kuharibika mdomoni mwa mgonjwa, kabla kopo halijafika dirishani kwenu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, mama mmoja aliniletea kopo la kipimo cha kifua kikuu. Ndani mlikuwa na maji meupe yenye povu, mate matupu. Foleni ilikuwa ndefu. Nikapokea, nikapima, nikaandika kwamba hakuna vimelea. Wiki tatu baadaye akarudi ameshikwa mkono na binti yake, gauni linampwaya. Safari hii nikamwomba alete ya alfajiri. Akaleta makohozi mazito ya manjano, yanavutika kama ute wa bamia, na vimelea vilikuwemo. Wiki zote hizo alikuwa akilala chumba kimoja na wajukuu. Sijamsahau.

Kifua kikuu cha mapafu kinakaa mapafuni, ilhali mate hutoka kwenye tezi za mdomoni. Kwa darubini, vinahitajika vimelea kama 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ndipo uvione. GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya vimelea, inaona hata vikiwa vichache zaidi, lakini nayo haiwezi kuona kisichokuwemo.

Kwa hiyo usimpe mgonjwa kopo ukamwambia "nenda kateme". Akisikia kutema, atatema mate. Mwambie hivi: "Mama, sukutua kwanza kwa maji. Vuta pumzi mpaka kifua kijae, ibane kidogo, iachie. Rudia tena. Sasa kohoa kutoka chini kabisa, kikija juu weka humu." Mwonyeshe kwa kifua chako mwenyewe. Akakoholee nje penye hewa, na wewe usisimame mbele yake. Mililita 3 hadi 5 zinatosha, yaani kama kijiko cha chai. Lebo ibandike ubavuni mwa kopo, kamwe si kwenye kifuniko, maana vifuniko vikishafunguliwa mezani huchanganyika. Na kama amejitahidi akaambulia mate tu, usimfukuze. Andika kwenye fomu sampuli ilivyoonekana, kisha mpe kopo jingine la kesho asubuhi.

Kuna vipimo vinavyotaka majimaji ya mdomoni hasa. Mtakachokutana nacho sana ni cha kujipima VVU. Watu hukiita kipimo cha mate, kumbe kijiti hupitishwa kwenye fizi, juu mara moja na chini mara moja. Kile tunachogawa sisi, mtu asiwe amekula wala kunywa kwa dakika 15, na majibu husomwa kati ya dakika 20 na 40, si kesho yake. Atakuuliza kwa wasiwasi: "Kwa hiyo VVU viko kwenye mate? Nisimbusu mke wangu?" Usicheke. Mweleze kwamba kinachotafutwa ni kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya virusi, si virusi vyenyewe, na kwamba VVU haviambukizwi kwa mate. Anayetumia ARV asijipime nacho, kinaweza kumdanganya. Mistari miwili, yaani ishara kwamba huenda ana VVU, nayo si majibu ya mwisho. Apimwe damu kwa utaratibu wa taifa.

Homoni ya kotisoli pia hupimwa kwenye mate, ingawa vituo vyetu vingi havina kipimo hicho. Kwa kawaida huwa juu asubuhi na chini kabisa karibu na usiku wa manane. Ukiletewa sampuli isiyoandikwa saa, mpigie simu aliyeichukua kabla hujaiweka kwenye jokofu.