Jibu: Mwajiri anakataa ruhusa ya mafunzo kwa wawakilishi wa tawi
Habari za kazi, ndugu. Umeeleza kwamba mwajiri amewanyima wawakilishi wenu ruhusa ya kwenda mafunzo ya chama cha wafanyakazi, na kwamba wanawake hawahudhurii yale mnayoandaa wenyewe.

Angalieni kwanza kama barua ya ombi ilitaja mada, kwa sababu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 humpa mwakilishi likizo ya muda unaofaa yenye malipo kwa mafunzo yanayohusu majukumu yake ya uwakilishi. Sisi tulikataliwa mpaka tulipoambatisha ratiba.

Suala la wanawake ni zito zaidi, na kwetu lilichukua muda kueleweka. Tulikuwa tukikutana saa kumi na mbili jioni, wakati dada zetu wa chumba cha kufungashia wameshashika mikoba wakiwahi daladala na watoto. Tulipohamishia mafunzo saa ya chakula, mlangoni pa chumba chao, mmoja aliyekuwa kimya siku zote alisimama akausoma mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu masharti ya kazi, kwa sauti, kifungu kwa kifungu, na sasa ndiye anayeandikisha wanachama wapya. Mkimpata wa namna hiyo, msimwachie kuandika mihtasari tu, bali mketisheni kwenye meza ya majadiliano.