Ukichangia programu huria, mfikirie atakayeapdeti

Wanaotaka kuanza kuchangia programu huria, zile ambazo kodi yake iko wazi kwa yeyote, huwa nawaambia waanze na bagi (kosa la programu) inayowasumbua wenyewe kwenye programu wanayoitumia kila siku, maana hiyo unaijua vizuri na unaweza kuielezea mpaka msimamizi wa mradi akaiona kwenye kompyuta yake. Alafu ombi moja la kuingiza mabadiliko yako kwenye mradi libebe jambo moja. Ukirekebisha bagi, hapohapo ukabadili majina na kupanga mafaili upya, anayekagua hajui aanzie wapi na ombi lako linakaa miezi hamna anayeligusa. Weka testi (kodi fupi ya kupima programu) inayofeli bila rekebisho lako, na mstari mmoja kwenye orodha ya mabadiliko, uandike siku hiyohiyo, usingoje siku ya kutoa toleo kila mtu ameshasahau.

Sasa kwenye matoleo ndo kuna kazi yenyewe. Namba kama 2.4.1 ni ahadi: ya mwisho ikipanda ni marekebisho tu, ya kati ni vitu vipya bila kuvunja vya zamani, ya kwanza ikipanda mtu ajue lazima asome kabla ya kuapdeti. Kuna mtu ana seva moja tu, anaapdeti usiku kwa kuiamini namba yako, ukiondoa fankshen (kipande cha kodi) ambayo mfumo wake unaitumia alafu ukaita 2.4.2 asubuhi mfumo wake haufunguki na wateja wako mlangoni. Na toleo likishatoka usilibadilishe kimyakimya, toa jingine. PyPI, ghala la mtandaoni la programu za Python, hawaruhusu hata kupandisha tena faili la jina lilelile ukishalifuta, na mimi nawaunga mkono kabisa.

Tangulizeni toleo la majaribio pia. Watengenezaji wa Linux, mfumo endeshi huria, wanapokea vitu vipya kama wiki mbili, alafu karibu kila wiki linatoka la majaribio, kawaida yanafika saba au nane, humo ni kurekebisha tu. Mradi mdogo hauhitaji kote huko, wiki moja yatosha.

Kitu ninachokisisitiza kuliko vyote ni kutotengenezea toleo kwenye kompyuta ya mtu. Machi 2024 mtaalamu wa programu Andres Freund aliona kuingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa mbali) kunachelewa kama nusu sekunde, akachimba, akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, na kipande kilichokuwa kinauamsha kilikuwepo kwenye furushi la toleo (faili watu wanalopakua) tu, kwenye hazina ya Git, kodi ya mradi inapotunzwa, hakipo! Aliyekitia alikuwa amechangia kwa miaka mpaka akaaminiwa kutoa matoleo, wakati msimamizi wa mwanzo ameelemewa, anafanya kwa kujitolea. Kwa hiyo ndio, tafuteni msaidizi kabla mtu hajachoka, ila furushi litengenezwe na mashine kutoka kwenye tegi (alama ya toleo ndani ya Git) iliyo wazi, ili mtu yeyote aweze kulitengeneza upya kwake na kulinganisha.