Ukurasa wa Fundi: Komeo Likikataa, Usilipige

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wenye Mazda MX-5, kale kagari ka viti viwili ambako kizazi chake cha kwanza, kikitoka Japani, huwa kimeandikwa Eunos Roadster. Wote wanauliza habari za paa gumu linalovalishwa juu ya gari la wazi na kuvuliwa, ambalo gereji nyingi huliita hadtopu.

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina Eunos ya 1992, nipo Nairobi. Nimepata hadtopu iliyovuliwa kwenye MX-5 ya 2001. Itakaa? Na ikikaa, inavalishwaje? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Marahaba. Itakaa. Kizazi cha kwanza cha MX-5 (1989 hadi 1997) na cha pili (1998 hadi 2005) vinavaliana hadtopu bila kukata wala kuchomelea chochote. Kizazi cha tatu, kilichoanza 2005, kina bodi tofauti kabisa, na paa lake halikai kwenye gari lako hata ukilibembeleza. Muuzaji akikwambia "Mazda ni Mazda", muage.

Kabla hujatoa pesa, igeuze hadtopu uitazame kwa ndani. Ile ya kiwandani si bati. Ni plastiki ngumu iliyochanganywa na nyuzi za kioo, yenye uzito wa kilo 20 hivi. Haili kutu, ila hupasuka, na hupasukia pale inapovutwa, yaani kuzunguka makomeo mawili ya mbele na mawili ya ubavuni. Mulika tochi hapo. Mistari myembamba kwenye rangi haina neno, lakini ufa unaoonekana nje na ndani ni kazi ya fundi wa faiba, na bei ishuke. Kisha hesabu vitu: makomeo manne, vishikio viwili vya nyuma, na mipira yote ya kuzibia, wa mbele, wa nyuma na wa vioo vya milango. Usiichukulie mipira kirahisi. Seti mpya inaweza kukutoa jasho kuliko kupaka rangi paa zima.

Upande wa gari nako kukaguliwe. Vipokeo vya mbele, kwenye fremu ya kioo cha mbele, unavyo tayari kwa sababu ndivyo vinavyoshika turubai, yaani paa laini la kukunja. Yanayokosekana mara nyingi ni mabamba mawili ya ubavuni, nyuma kidogo ya milango, na vigingi viwili vinavyosimama kwenye bati kati ya turubai na buti. Wenye MX-5 duniani kote huviita vigingi hivyo boliti za Frankenstein, maana vimejitokeza kama zile za shingoni mwa lile jitu la sinema. Gari lako likiwa halina, vitafute kabla ya siku ya kazi.

Siku yenyewe, egesha mahali bapa kabisa. Gari lisilo na paa la kudumu hujipinda kidogo tairi moja likipanda ukingo wa barabara, na kujipinda huko kunatosha kuzuia komeo moja lisifike. Shusha vioo vyote viwili. Hakikisha turubai ni kavu, fungua zipu ya dirisha la plastiki, lilaze chini, tandaza taulo laini juu yake, ndipo ukunje. Ukikunja bila kufungua zipu, plastiki huvunjika mkunjo na haitanyooka tena. Bandika tepe ya karatasi kwenye bati la nyuma na kwenye pembe za fremu ya kioo cha mbele. Vueni saa, pete na mikanda yenye chuma.

Muwe wawili, mmoja kila upande. Mkono mmoja ushike ukingo wa mbele, mwingine ushike ukingo wa ubavuni kuelekea nyuma. Msishike mpira wala kioo. Mkifika juu ya gari, anzeni nyuma: vishikio viingie kwenye vigingi vyote viwili, kisha mteremshe mbele polepole hadi mpira ulale juu ya fremu. Sasa ingia ndani. Ngoeka komeo la mbele la kushoto bila kulifunga, ngoeka la kulia, hakikisha yote mawili yameshika, ndipo ufunge moja baada ya jingine. Ya ubavuni hufuata mwisho.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Komeo la mbele lisipofika, mtu hutundika uzito wake wote kwenye paa, au huenda kutafuta nyundo. Karibu kila mara kosa liko nyuma: kishikio kimoja hakijaingia sawasawa kwenye kigingi chake, na paa zima limesogea mbele kwa upana wa kidole. Inueni ukingo wa mbele kiasi cha shibiri, lisukumeni paa nyuma, mteremshe upya. Komeo linatakiwa lifungwe kwa mkono mmoja, kwa ukinzani wa kiasi. Likihitaji mikono miwili, ndoana yake imekazwa mno. Ina uzi wa skurubu, kwa hiyo ilegeze nusu mzunguko, ujaribu tena, na upande wa pili uupe kiasi hicho hicho. Ukiilegeza kupita kiasi paa litapiga kelele. Ukiikaza kupita kiasi, ule ufa tuliousema utaanza hapo.

SWALI: Aliyeniuzia hadtopu anasema makomeo ya ubavuni ni urembo, ya mbele na vigingi vya nyuma vinatosha. Ni kweli? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Si kweli. Gari likikimbia, hewa inayopita juu ya paa hulivuta kwenda juu, na ukiwa umeshusha vioo, hewa ya ndani nayo hulisukuma kutoka chini. Bila makomeo ya ubavuni, mzigo huo wote huangukia mbele, na katikati ya paa hucheza kila unapopita kwenye shimo. Ukifunga mabamba, weka boliti zake zishike tu kwa vidole, valisha paa, funga komeo la ubavuni ili bamba lijitafutie mahali pake, kisha lifungue taratibu na ukaze boliti kwa spana. Ukikaza kabla ya kuvalisha, bamba litakaa milimita mbili kando na komeo litalala upande. Asije fundi akakutobolea bati na kufunga skurubu za mbao. Katika gari nyingi za aina hii matundu yenye nati yako tayari chini ya urembo wa plastiki.

Na kwa kuwa wawili wengine wameuliza: hadtopu haikulindi gari likipinduka. Kazi hiyo ni ya fremu ya chuma nyuma ya viti.

SWALI: Tangu nivalishe paa gumu, kapeti nyuma ya kiti cha abiria linalowana kila mvua ikinyesha. Nimepaka silikoni ya madirisha pande zote na bado. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ibandue silikoni hiyo taratibu, kwa vidole au kijiti cha plastiki, kabla haijazeeka. Inaziba mifereji ambayo maji yanapaswa kupita, na siku ya kuvua paa itang'oka na rangi.

Anza na mahali ambapo wengi hawapafikirii. Nyuma ya viti, kila upande karibu na nguzo ya mkanda, kuna tundu la kutolea maji lenye mrija unaoteremka hadi chini ya gari, mbele ya tairi la nyuma. Majani, vumbi na nyuzi za turubai huliziba, maji yakajaa na kumwagika kwenye kapeti. Mimina nusu kikombe cha maji taratibu. Yasipotoka chini, pitisha uzi mnene wa plastiki, kama ule wa mashine ya kukatia nyasi. Usitumie waya, maana hutoboa mrija, na kuanzia hapo maji yatakuwa yanaingia ndani ya kizingiti cha mlango na kukila kwa kutu bila wewe kuona. Kwa hewa ya chumvi ya pwani, jambo hilo halitachukua miaka mingi.

Matundu yakiwa safi na bado kunalowana, tafuta kwenye mipira. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji kwa bomba bila presha, akianzia chini ya kioo cha nyuma na kupanda juu kidogokidogo. Ukianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yalipoingilia. Kwenye vioo vya milango, bana ukanda wa karatasi kati ya kioo na mpira, funga mlango, kisha uvute. Ukitoka bila kukwaruza, kioo hakigusi mpira vya kutosha. Dawa yake si mpira mnene zaidi bali kurekebisha mkao wa kioo, kwa boliti zilizo nyuma ya ubao wa ndani wa mlango. Pembe ya juu ya mbele, pale kioo cha mlango, fremu na paa vinapokutana, ndiyo inayosumbua kuliko zote, na hapo subira ndiyo hufaa.

Mipira yenyewe ipakwe grisi ya silikoni kidogo tu, kwa kitambaa, kila baada ya miezi kadhaa. Mafuta ya injini na mafuta ya mgando yasiguse, yanaweza kuuvimbisha mpira na kuulegeza.

SWALI: Huku baridi imeanza na nimevalisha paa. Linagongagonga barabarani, na waya za kuyeyushia ukungu kwenye kioo cha nyuma hazifanyi kazi. (Msomaji, Birmingham, Uingereza)

JIBU: Kelele kwanza. Muombe mtu aendeshe, wewe uguse sehemu moja moja kwa kiganja. Ukikandamiza mahali na kelele ikanyamaza, umeipata. Mlio mkavu wa "tak, tak" kutoka nyuma ni kishikio kinachogonga kigingi, na mizunguko miwili ya tepe ya umeme kwenye kigingi humaliza. Mlio wa kukwaruza kama kiatu kipya ni mpira mkavu. Mlio wa kugonga juu ya kichwa ni ndoana za mbele, kaza nusu mzunguko.

Kuhusu waya, je, uliunganisha plagi? Hadtopu ina waya wake mwembamba unaohitaji soketi ya gari, ambayo aghalabu imefichwa nyuma ya viti chini ya kapeti, na baadhi ya hadtopu za zamani hazina kabisa waya za joto. Ikiwa ipo, kagua fyuzi, kisha pima kwa mita ya umeme, ufunguo ukiwa umewashwa na swichi ya kioo pia. Kwenye soketi utake volti 12. Zikiwepo, weka ncha hasi ya mita kwenye bodi na utembeze ncha chanya juu ya mstari mmoja wa kioo: namba itashuka polepole, katikati iwe karibu 6. Mahali inaporuka ghafla ndipo mstari ulipokatika. Kuna rangi ya fedha inayopitisha umeme inayouzwa kwa kazi hiyo. Tone moja linatosha.

SWALI: Paa likivuliwa nilihifadhi wapi? Sina gereji kubwa. (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Lisilale juu ya mipira yake, na lisiegemezwe ukutani kwa kioo. Mipira hubanika na haitarudi. Litundike darini kwa mikanda mipana miwili na kapi, au litengenezee kitoroli cha mbao chenye sponji pale linapogusa, likisimama kwa ukingo mgumu wa mbele. Lifunike kwa shuka la pamba; nailoni hushika unyevu. Turubai nalo usilisahau. Likikaa limekunjwa miezi sita husinyaa, kwa hiyo vua paa angalau mara moja kila miezi miwili, fungua turubai juani saa kadhaa, kisha rudisha.

SWALI: Mimi nina Mercedes SL ya 1995, ya R129. Mbona hadtopu yangu haina makomeo ya mkono kama yenu? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Ni mfumo mwingine. Kwenye R129 makomeo husukumwa na mafuta ya haidroliki: turubai liwe ndani ya sanduku lake na kifuniko kimefungwa, paa la aluminiamu liwekwe juu mahali pake, kisha swichi ndiyo inayofunga. Paa hilo ni zito kuliko la Mazda, muwe wawili wenye nguvu au watatu. Ukiona mafuta yanadondoka kutoka juu ya kioo cha mbele, karibu na vizuia jua, silinda za makomeo ya mbele zimechoka sili, yaani mipira ya kuzuia mafuta yasivuje. Zitolewe zikafungwe sili mpya kabla ya kugusa swichi tena, kwani pampu iliyoko kwenye buti ikizunguka bila mafuta ya kutosha itaungua nayo.