Kioo cha kuchomoa kwenye kruza: pima kabla shemeji hajanunua

SWALI: Fundi, salaam. Nina Honda Shadow 750. Siku za kazi naizungusha hapa Nairobi, na karibu kila mwezi naenda nayo Mombasa kumwona mama. Mjini sina shida. Barabara kuu nikifika kilomita 100 kwa saa, upepo unanipiga kifua mpaka nikifika Mtito Andei mikono na shingo vimekufa ganzi. Sitaki kioo cha kudumu cha kuzuia upepo, kinaharibu sura ya pikipiki, na Mombasa kwa joto lile kitanimaliza. Shemeji yangu anarudi kutoka Marekani mwezi ujao na amekubali kuniletea kile cha kuchomoa. Nimwagize kipi? Na ni kweli kinafanya usukani utikisike?

JIBU: Ndugu yangu, huo si uzee. Kruza, yaani pikipiki ya aina ya hiyo yako, inakukalisha wima, miguu mbele, mikono imenyooka, kifua wazi kama tanga la jahazi. Tena nguvu ya upepo haiongezeki sawa na mwendo, huongezeka kwa mraba wake. Ukipanda kutoka kilomita 80 hadi 110 kwa saa, upepo unaokusukuma unakaribia kuwa mara mbili, na kinachokuzuia usirudi nyuma ni mikono yako tu. Kioo kitakusaidia sana. Na cha kuchomoa ndicho chako hasa, maana unatoka kwenye mwinuko wa mita karibu 1,800 na kushuka hadi usawa wa bahari siku moja. Alfajiri ya Julai ukipita Athi River utakibariki. Saa nane mchana Mariakani utakitafutia pa kukitupa.

Wengi hununua kwa picha. Mimi ningeanza na vibano, vile vyuma vinavyokifunga kwenye shoki, kwa sababu kioo chenyewe ni plastiki tu. Kinachokupa raha au karaha ni kile kinachokishika.

Shoki za mbele za Shadow 750 zina unene wa milimita 41. Sportster nyingi za Harley-Davidson zina 39. Milimita mbili zinaonekana si kitu, lakini kibano cha 41 kwenye bomba la 39 kitazunguka, na ukikikaza kwa hasira utakwaruza kromu na bado kitazunguka. Azima vernia, kile kifaa cha kupimia unene, kwa fundi chuma, pima bomba lenyewe. Kama Shadow yako ni ya zile zenye vifuniko vya chuma vilivyoficha shoki, mwambie shemeji mapema, kwani hizo zina vibano vyake tofauti kabisa. Angalia pia indiketa za mbele zimefungwa wapi. Zikiwa zimekaa pale pale kibano kinapotaka kukaa, utahitaji vyuma vya kuzisogeza.

Kuna mtego mmoja hapa. Kampuni kama National Cycle na Memphis Shades huuza kioo peke yake na seti ya vibano peke yake. Nimeshaona mtu akiletewa kioo kizuri kutoka ng'ambo, akakiweka sebuleni miezi kadhaa kama pambo akisubiri vyuma. Shemeji atoe jina la pikipiki, aina na mwaka, kisha ahakikishe ana vyote viwili mkononi.

Sasa urefu, na hapa ndipo watu hukosea zaidi. Kioo hiki hakitengenezwi ili utazame kupitia ndani yake. Unapaswa kutazama juu yake, na ukingo wa juu uwe usawa wa pua yako. Kikiwa kirefu kuliko macho, siku ya mvua usiku, lori linakuja na taa kali, utaona nyota tupu. Kikiwa kifupi mno, upepo unaoruka ukingo utakugonga helmeti badala ya kifua, na huo ni mbaya kuliko ule wa kwanza.

Fanya hivi: weka pikipiki sehemu tambarare, vaa helmeti na koti lako la safari, kaa kama unavyokaa ukiwa umechoka, si kama unavyokaa ukipigwa picha. Mtu wa pili ashike kadibodi mbele ya taa, ameilaza nyuma kidogo, aikate mpaka ukingo ufike puani. Kisha pima kutoka katikati ya taa hadi ukingo ule. Kipimo hicho ndicho cha kumtumia shemeji. Ukijikuta katikati ya saizi mbili, chukua fupi. Kukiinua kidogo au kubadili mlalo inawezekana, kukikata ni kazi ya kutoa jasho.

Kuhusu plastiki, utakutana na akriliki na polikaboneti. Akriliki hung'aa vizuri lakini jiwe la lori laweza kuipasua. Kwa barabara ile ya malori ya bandarini ningechukua polikaboneti iliyopakwa ngozi ngumu ya kuzuia mikwaruzo. Udhaifu wake ni kemikali. Petroli, mafuta ya breki, sabuni za vioo zenye amonia, hata ile gundi ya maji ya kuzuia bolti zisilegee, vyote vinaweza kuifanya ipasuke nyufa ndogondogo kama utando wa buibui. Dawa ya mbu yenye DEET nayo ina tabia hiyo hiyo, kwa hiyo ukijipaka Mombasa, nawa mikono kabla ya kukishika. Kukisafisha ni maji na sabuni laini. Wadudu waliokauka wafunike kwa kitambaa kilicholowa dakika kumi, watatoka wenyewe. Kamwe usipanguse vumbi kikavu. Kanga ya pamba iliyochakaa kwa kufuliwa haina mpinzani kwa kazi hii.

Siku ya kufunga, kibano kikae mahali ambapo hakitagongwa shoki ikibonyea. Sehemu ya chini ya shoki hupanda juu kila ukiingia shimo, na kibano kikiwa kwenye njia yake kitang'oa sili na mafuta yamwagike. Kaza kidogo huku, kidogo kule, kwa zamu. Geuza usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia, uone kama kuna waya au mpira wa breki unaovutwa, au kioo kinagusa tangi. Baada ya kilomita 100 za kwanza rudia kukaza.

Swali lako la kutikisika ni la haki. Kioo hiki hufungwa kwenye shoki, na shoki ndizo usukani. Kila upepo unaokipiga unafika mikononi. Ukipita malori kwenye yale mabonde wazi kati ya Voi na Mariakani, utahisi pikipiki inasukumwa, kisha inavutwa. Hilo ni la kawaida, legeza mikono. Lakini usukani ukianza kucheza wenyewe kwenye barabara nyoofu, kioo mara nyingi kimefichua ugonjwa uliokuwepo. Pima upepo wa tairi. Kisha inua gurudumu la mbele, shika miguu ya shoki uivute mbele na nyuma. Ikigonga, bearingi za shingo ya usukani zimelegea au zimekwisha, na hizo zishughulikiwe kabla ya safari nyingine.

Kama ni kichwa tu kinachotikiswa, tatizo ni ombwe linalotokea nyuma ya kioo. Acha nafasi ndogo kati ya kioo na taa ili hewa ipite chini, au kilaze nyuma kidogo, digrii chache kwa mara moja, na ujaribu tena. Plagi za masikio pia si aibu.

Cha kuchomoa kina hatari yake ya pekee, nayo ni haraka. Mimi mwenyewe niliwahi kuondoka nimefunga loki ya kushoto nikasahau ya kulia. Nilisikia tak-tak nikadhani ni kokoto, hadi kioo kilipoinama kama mlevi. Sasa nikishafunga, nakishika kwa mikono miwili na kukitikisa kabla ya kuwasha injini. Zile bushi za mpira zikichakaa kitaanza kelele, zibadilishe, ni bei ya soda chache. Na kumbuka kinachotoka kwa sekunde kumi kwako kinatoka kwa sekunde kumi kwa mwizi pia. Agiza chenye kufuli, au ukiegesha mjini ingia nacho ofisini.

Mwambie shemeji akizungushie nguo ndani ya begi, upande uliobonyea ujazwe mashati, na bolti na bushi zikae mfuko mmoja ndani ya begi hilo hilo.