Jibu: Mtoto wa mbwa aina ya German Shepherd, miezi 3, miguu ya mbele inapinda

Habari mkuu. Umesema anakula ugali na nyama ya steki tu, na sasa miguu ya mbele imeanza kupinda. Cha kwanza kuangalia ni kalsiamu. Nyama isiyo na mfupa ina fosforasi nyingi lakini kalsiamu karibu hakuna, na ugali hauongezi kitu. Mwili ukikosa kalsiamu kwenye chakula unaichota kwenye mifupa yake, mifupa inalainika.

Chemsha maganda ya mayai dakika 10, yaanike yakauke kabisa, kisha saga mpaka yawe laini kama unga wa ngano. Ukisikia chengachenga vidoleni, rudia kusaga. Weka kijiko kimoja cha chai, kisicho na kilima, kwa kila nusu kilo ya nyama. Usimwongezee vidonge vya kalsiamu juu yake: mbwa wa umbo kubwa akizidishiwa, mifupa pia inaharibika.

Nyama iwe nusu ya chakula, ugali au wali robo, robo nyingine karoti na boga. Maini kipande kidogo tu, maana vitamini A ikizidi inadhuru. Vitunguu vya aina zote na mifupa iliyopikwa, hapana kabisa. Gawa milo 3 kwa siku.

Ila chakula peke yake hakitoshi hapo ulipofika. Daktari wa mifugo amwone wiki hii, na eksirei ipigwe. Hadi hapo asiruke ngazi wala kochi, mifupa laini huvunjika kirahisi.