Ukisusa, Sema Unachotaka

Mhariri, salamu kutoka Amu, yaani mji wa Lamu.

Wiki hii mmetuuliza kama mapenzi ya chapa fulani na misimamo ya mtu viongoze anachonunua, au bei na ubora vinatosha. Mimi nina duka la rejareja Langoni, na kaka zangu ni wavuvi. Swali hili hunijia kaunta mchana, likanijia tena jioni mashua zikirudi.

Jibu langu ni ndiyo kwa yote mawili, ila kwa masharti. Chapa nitaishikilia kwa yale inayonifanyia baada ya kupokea pesa yangu. Na nikiacha kununua kitu ili mtu mwingine abadilike, ni lazima niweze kusema namtaka afanye nini na lini nitarudi kununua. Nisipoweza kuyasema hayo, nimekasirika tu, na hasira peke yake haimfikii mwenye kiwanda.

Nianze na chapa, maana wageni wakitutazama hudhani sisi wa visiwani ni wakaidi. Simama jeti ya Amu asubuhi utazame nyuma ya boti: jina utakaloliona mara nyingi ni Yamaha. Kampuni hiyo imekuwa ikiuza mashine za boti tangu mwaka 1960, na zile zake za Enduro, za kuchanganya petroli na oili, ndizo baba zetu walizozizoea. Mtu akija na mashine ya jina jingine, hata iwe nzuri na rahisi, wavuvi watamuuliza jambo moja kwanza: ikikufia nje ya Kiwayu wakati wa kusi, nani atakusaidia?

Fungua sanduku la kaka yangu mkubwa. Utakuta plagi zimeviringishwa kitambaa zisipigwe na maji ya chumvi, ufunguo wa plagi, pini za propela, kipande cha waya, na impela ya akiba ya pampu ya maji. Vyote vinaingia kwenye mashine ya jirani yake, na vya jirani vinaingia kwenye yake. Mafundi wa hapa wanaifungua mashine hiyo na kuifunga tena kwa kuzoea, na vipuri vyake vinapatikana bila kungoja lori la Mombasa lifike Mokowe, bandari yetu ya bara, na mzigo uvushwe. Uaminifu huo haukuletwa na tangazo lolote. Chombo kizima cha watu kinarudi nyumbani salama kwa sababu wengi walikubaliana kutumia kitu kimoja. Anayeuita ushamba hajalala baharini mashine imezima.

Uaminifu wa jikoni ni mwingine kabisa, na huo siuungi mkono sana. Kuna mama ambao kwao mafuta ya kupikia ni Kimbo, basi, na mkate haupakwi ila Blue Band. Ukiwapa kingine wanakurudishia. Lakini Kimbo ilikuwa mali ya Unilever, na mwaka 2002 ikanunuliwa na Bidco. Blue Band nayo iliondoka Unilever mwaka 2018, biashara yake ya siagi za mimea ilipouzwa kwa kampuni ya uwekezaji ya KKR. Kopo likabaki na rangi zake na jina likabaki, lakini pesa ya mteja wangu ikaanza kwenda kwa mtu mwingine, wala hakuna aliyemwambia. Sisemi mafuta yaliharibika. Ninachosema ni kwamba ukiwa umelipenda jina tu, hujui umempenda nani. Tena jina linalopendwa sana ndilo linaloigwa: mwenye kutengeneza bandia hahangaiki kuiga chapa isiyo na mteja. Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa bandia tangu 2008, na bado mwenye duka lazima akague katoni kwa macho yake mwenyewe.

Sasa misimamo, na hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Ipo misimamo isiyohitaji mjadala. Mwislamu hanunui kilicho haramu kwake hata kikishushwa bei mpaka kikawa bure, na wala hangoji kuona kama kiwanda kitabadilika. Hilo ni baina yake na Mola wake. Vivyo hivyo yule asiyekula nyama, au aliyeapa kutonunua sigara baada ya kumzika baba yake. Watu hawa hawadai chochote kwa mwenye kuuza. Wanajilinda wenyewe, na hakuna haja ya kuwauliza faida ya msimamo wao ni nini.

Kususia ni jambo la pili. Anayesusia anataka mtu wa mbali asikie maumivu na abadili mwenendo wake. Huyo lazima aulizwe.

Baada ya vita vya Gaza kuanza Oktoba 2023, vijana wa mtaani walinijia dukani. Wakaamkia kwa adabu, kisha wakasema, "Mama, tunaomba uziondoe soda hizo kwenye friji." Walikuwa wakizungumzia Coca-Cola. Huzuni yao ilikuwa huzuni yangu pia. Kila nyumba ya hapa ilikuwa ikiomba dua usiku. Lakini nikawauliza: mnataka kampuni ifanye nini, na ikifanya mtarudi? Mmoja akasema mpaka vita viishe. Mwingine akasema haitarudi milele. Wa tatu akanyamaza. Nikawaambia soda hii inajazwa hapa hapa Kenya, inapakiwa na Wakenya, na kutoka Mokowe mpaka hapa inabebwa na wachukuzi mnaowajua kwa majina. Kabla hawajapoteza riziki, tujue tunadai nini.

Hawakukasirika. Wakaenda, wakarudi na jibu. Wanaharakati, wakasema, wanadai kampuni inayojaza soda hiyo huko Israel iondoke Atarot, eneo la viwanda lililojengwa kwenye ardhi iliyokaliwa kijeshi tangu 1967. Hapo nikaelewa. Dai hilo lina mahali pake, lina mhusika wake, na siku likitimizwa litaonekana. Nikaacha kuagiza. Friji yangu ina maji na juisi ya ukwaju, na wanaoniuliza nawaeleza sababu, mpaka jina la mahali. Vijana wale walinifundisha kitu kwa kurudi na jibu, na ningependa kila mwenye kususa afanye kama wao.

Msimamo wa namna hiyo una nguvu. Oktoba hiyo hiyo mwenye leseni ya McDonald's huko Israel alitangaza kuwapa wanajeshi chakula bure. Watu katika nchi nyingi wakaacha kwenda migahawa hiyo, kampuni yenyewe ikakiri mauzo yameathirika, na Aprili 2024 ikatangaza kuinunua tena migahawa yote 225 ya Israel kutoka kwa mwenye leseni. Lakini Kenya hakuna hata mgahawa mmoja wa McDonald's. Mtu wa Amu akisema anaisusia, hajatoa kitu. Waliotoa ni wale wa Malaysia na Misri na kwingineko walioizoea na wakaiacha. Msimamo wa kununua unapimwa kwa kile ulichokuwa ukikihitaji.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa zamani kidogo. Mwaka 1977 watu wa Marekani walianza kususia bidhaa za Nestlé kwa jinsi ilivyokuwa ikiuza maziwa ya unga ya watoto wachanga katika nchi maskini. Mama aliyeshawishiwa kuacha kunyonyesha aliyachanganya kwa maji yasiyo salama, na kwa kuwa kopo ni ghali aliongeza maji lidumu, mtoto akadhoofika. Dai lilikuwa wazi: acheni kuwashawishi akina mama kwa njia hizo. Mei 1981 mataifa yakapitisha kanuni za kuuza maziwa hayo kupitia Shirika la Afya Duniani. Mwaka 1984, kampuni ilipokubali kuzifuata, waliosusia wakarudi kununua. Mwaka 1988 wakaona ahadi haitimizwi, wakaanza upya. Tazama walivyofanya: walitoka, wakarudi, wakatoka tena, na kila mara walisema kwa nini. Kenya nayo ikatunga sheria yake mwaka 2012, ndiyo maana dukani kwangu sina ruhusa ya kuyapigia debe maziwa yale wala kuyatolea ofa. Mtoto anayezaliwa Amu leo analindwa na kususa kwa watu ambao hawajapata kuisikia Amu.

Linganisha na Novemba 2017. Baada ya uchaguzi wa urais kurudiwa, viongozi wa NASA, muungano wa upinzani, waliwataka wafuasi wao waache bidhaa na huduma za kampuni tatu, Safaricom ya simu, Brookside ya maziwa na Bidco ya mafuta, wakizituhumu kuegemea upande wa serikali. Baadhi ya wateja wangu walibadilisha maziwa. Wengine walikataa mafuta ya Bidco huku wakiendelea kudai Kimbo, maana hawakujua mwenyewe ni nani. Simu haikuachwa na mtu, kwa kuwa bila M-Pesa wasingeweza hata kunilipa. Kilichonisumbua wakati ule ni dai lenyewe. Haki ya uchaguzi ni jambo kubwa, nami nalitaka, lakini muuza maziwa hana uwezo wa kukupa. Machi 2018 wakubwa wa pande zote mbili, Uhuru Kenyatta na Raila Odinga, wakapeana mikono, na hakuna aliyekuja dukani kutuambia kama tumeshinda au tumeshindwa, wala kama turudi kununua.

Kuna watu ambao swali lenu haliwahusu, na naomba lisiwahusu. Anayeingia na shilingi hamsini akataka mafuta ya kupima ya ishirini, kipande cha sabuni na sukari ya zilizobaki, nampimia. Hanunui chapa, maana mafuta ya kupima hayana jina usoni. Wala hana nafasi ya kuchagua kiwanda chenye mwenendo mwema. Nimesikia watu wenye mishahara wakiwalaumu wenzao kwa kununua kitu cha bei ya chini kutoka nje badala ya cha nchini, na nikaona uchungu. Mzigo wa msimamo uchukuliwe kwanza na mwenye mfuko wa kuchagua.

Na yapo mambo ambayo mfuko wa mtu yeyote hautoshi. Mifuko ya plastiki ilikuwa ikielea mpaka kwenye mikoko, na kila mmoja wetu alisikitika huku akiipokea. Tarehe 28 Agosti 2017 ikapigwa marufuku, faini hadi shilingi milioni 4 au kifungo hadi miaka 4, na wateja wakaanza kuja na vikapu. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa hapa kwetu hatukuupinga kwa kuacha kununua umeme. Watu wa Amu walikwenda kwenye Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira (National Environment Tribunal), na Juni 2019 leseni ikafutwa. Ukiwa na njia ya sheria, itumie, usingoje wateja waongoke mmoja mmoja.

Hili la sheria linanirudisha kwenye mashine za boti, kwa sababu ndipo mapenzi yetu ya chapa na msimamo wetu vinapogombana. Mashine za kuchanganya oili, za kampuni yoyote ile, hutoa sehemu ya mafuta bila kuungua, yakaingia majini. Angalia nyuma ya boti ikiwa imesimama na mashine inanguruma: utaona utando wa rangi juu ya maji. Marekani ilitunga kanuni za moshi wa mashine hizi mwaka 1996, zikaanza kutumika hatua kwa hatua kwa mashine za mwaka 1998 na kuendelea, na za namna hiyo ya zamani zikatoweka madukani huko. Kwetu bado zinauzwa mpya. Na maji hayo ndiyo ya mikoko yetu, ambayo ni zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na humo ndimo samaki wanamozalia.

Kaka zangu wanalijua hilo kuliko mimi. Zipo mashine zisizochanganya oili, za Yamaha hiyo hiyo na za wengine, zinazotumia petroli kidogo na kuchafua kidogo. Ni nzito zaidi, bei yake iko juu, na fundi wetu aliyelelewa na Enduro hathubutu kuzifungua. Nikimwambia kaka aiache mashine yake kwa ajili ya bahari, namwambia aende Kiwayu bila msaada. Siwezi kumwambia hivyo.

Kwa hivyo tumefanya kama wale vijana wa soda. Kupitia kikundi cha wavuvi cha BMU tumewaandikia wauzaji tukisema tunachotaka: fundi mmoja anayekaa Amu na anayezijua mashine mpya, vipuri vyake viwekwe hapa kisiwani, mafundi wetu wafundishwe, na mvuvi aruhusiwe kulipa kidogo kidogo bila riba. Na tumesema upande wetu pia: wakileta hayo, mashine inayofuata ya kila aliyetia sahihi haitakuwa ya kuchanganya oili. Jina la kampuni hatukulitaja. Atakayetangulia kuleta fundi ndiye tutakayenunua kwake.